Mwanangu kamwambia baba mdogo wake hataki kupakatwa, sasa nyumba nzima haielewani

Anti shikamoo,

Naomba jina langu lisitoke maana huku tulipo Waswahili tunajuana wote. Mi ni mama wa watoto wawili, kwetu Tanga, mume wangu ni mtu wa Mombasa, tunaishi Uingereza kwenye mji mmoja wa Midlands, yeye anaendesha basi na mimi nafanya kea kwenye nyumba ya wazee, shifti zangu nyingi ni za usiku. Mkubwa wangu ni wa kike, ana miaka mitano, yuko Year 1 kwenye infanti skuli, mdogo bado nasari. Mama mkwe amekuja kwa viza ya matembezi ya miezi sita na kwa kweli Anti ametusaidia sana, sitaki mtu asome hapa afikiri namsema vibaya, anapika, anawaogesha watoto, jioni anawasomesha, mi nikirudi asubuhi nimechoka nakuta watoto washavaa yunifomu wanakunywa chai.

Sasa huko skuli wana haya masomo ya mahusiano na ya afya ya moyo wa mtoto. Asubuhi wakiingia darasani kila mtoto anaweka jina lake kwenye rangi, bluu maana yake una huzuni au umechoka, kijani uko sawa, njano una wasiwasi, nyekundu umekasirika. Kuna na sanduku wanatia karatasi, mtoto mwenye jambo linamsumbua anachora au anaandika anatia mule, tichа anasoma. Alafu kuna wimbo wa dinosau mmoja anaitwa Pantosaurus, wanafundishwa kwamba kilichofunikwa na chupi ni chako peke yako na mwili wako ni wako, ukisema hapana ni hapana, na siri inayokukera usikae nayo umwambie mtu mzima unayemuamini. Mwanangu huo wimbo anauimba nyumba nzima mpaka mdogo wake kaushika.

Jumapili moja akaja shemeji yangu kutoka London, mdogo wake mume wangu. Mtoto akamwamkia vizuri tu, shikamoo baba mdogo, marahaba, sawa. Shemeji akamwambia njoo nikupakate unipe na busu, mtoto akarudi nyuma akasema kwa Kizungu no thank you, mwili wangu ni wangu. Anti, sebule ilinyamaza. Shemeji akacheka cheko la aibu, mume wangu uso ukabadilika, mama mkwe akasema "mmelea mzungu ndani ya nyumba, na samaki mkunje angali mbichi, huyu angekuwa wangu saa hii nishamfinya." Shemeji alipoondoka ndo kelele zikaanza, mume wangu na mimi, yeye anasema namdekeza mtoto, mi nasema hakutukana mtu, mama mkwe katikati analia kwamba mwanawe anavunjiwa heshima mbele ya mdogo wake.

Wiki hiyohiyo, bibi anamuogesha, mtoto akataja sehemu yake ya siri kwa jina lake kamili la Kiingereza, kama anavyotaja pua. Bibi alitoka bafuni anatetemeka. Akaniuliza hivi huko skuli mnamlipia nani awafundishe watoto matusi? Nikamwambia skuli ni bure mama, nikaona nimezidi kuharibu.

Kwenye grupu letu la WhatsApp la kina mama ndo usiseme, kuna voisi noti zinazunguka kwamba watoto wanafundishwa ngono wakiwa na miaka minne, kwamba tuandike barua sote tuwatoe kwenye hilo somo, wengine wanasema tuwatoe skuli kabisa tuwasomeshe nyumbani. Skuli nao wametuma imeili kwamba kuna miting ya wazazi kuhusu sera ya hilo somo. Mume wangu anasema tusihangaike na miting, tuandike barua ya kumtoa basi. Ananitaka mimi niiandike kwa sababu Kiingereza changu cha kuandika kizuri kuliko chake.

Alafu juzi tichа akaniita pembeni mlangoni wakati wa kumchukua mtoto. Kwa upole kabisa akaniambia mtoto siku hizi anaweka jina lake kwenye bluu karibu kila asubuhi, na ametia mchoro kwenye sanduku, watu watatu wakubwa midomo wazi na mtoto mdogo chini ya meza. Na nyumbani asubuhi anasema tumbo linamuuma, nikimbakisha Jumamosi tumbo haliumi. Anti nilihisi ardhi inazama. Nikawaza sosho, hawa watu wa ustawi wa jamii. Sote huku tuna hadithi ya mtu anayemjua mtu ambaye sosho walimchukulia watoto. Bibi alipojua habari ya mchoro akamkalisha mtoto akamwambia ya nyumbani hayatoki nje, ukirudia tena kuwaambia wazungu mambo yetu watakuja kumchukua mama yako. Mtoto hajalala usiku ule.

Na kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, naliandika hapa kwa sababu hunijui. Mi nikiwa na miaka saba kuna mtu mkubwa, wa karibu na familia, alikuwa ananipakata. Sitaki kuendelea. Nilikaa nalo, sikuwa na namna ya kulisema, na hata ningekuwa nayo nilifundishwa mkubwa hakataliwi. Ndo maana mwanangu alivyosema hapana pale sebuleni, wenzangu waliona aibu, mimi ndani yangu kuna kitu kilifurahi na sikuweza kumwambia mume wangu kwa nini.

Sasa Anti nifanyeje. Nikiandika barua ya kumtoa nahisi namsaliti mwanangu. Nisipoandika namkaidi mume na namvunjia heshima mama mkwe ambaye bila yeye hata kazini siendi. Na je mtoto anayemkatalia baba mdogo leo, kesho atakuwa na adabu kweli? Naogopa pia kulea mtoto asiye na kwao.

Mama wa Midlands

*

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya mwanzo naitoa kwa hilo la mwisho uliloandika kwa mistari michache, ntalirudia, sijalipita.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja na naona umefunga mambo manne kwenye kanga moja, ndo maana mzigo haubebeki. Kuna adabu ya mtoto kwa wakubwa. Kuna somo la skuli. Kuna kelele za humo ndani kwenu. Na kuna wewe mwenyewe ulipokuwa na miaka saba. Kila mmoja hapo nyumbani anagombana kuhusu jambo lake akidhani mwenzake anazungumzia hilohilo. Mama mkwe anazungumzia adabu, mume wako anazungumzia heshima yake mbele ya mdogo wake, WhatsApp wanazungumzia ngono, mtoto anazungumzia kelele, na wewe peke yako unazungumzia usalama ila huwezi kusema kwa nini.

Nianze na pale sebuleni. Wewe mwenyewe umeandika, mtoto alimwamkia vizuri. Shikamoo ilitoka, marahaba ikajibiwa. Sasa nikuulize, kwetu tangu lini adabu ya kumwamkia mkubwa ikawa lazima uende kwenye mapaja yake? Salamu yetu kubwa kuliko zote inatoka kwa mdomo, mtoto anaweza kuitoa akiwa mlangoni na mkubwa akaipokea akiwa kitini, na nyumba nyingi za pwani mtoto anabusu mkono basi kamaliza. Kupakata ni mapenzi, mapenzi ni mazuri, ila siyo kipimo cha adabu. Alichokosea mtoto, kama kakosea, labda ni namna, maana kasema kwa Kizungu na kwa maneno aliyoyakariri kwenye wimbo, na kwa masikio ya watu wazima wa kwetu neno "wangu" likitoka kwa mtoto wa miaka mitano linachoma. Hilo la namna mnaweza kumfundisha. Mtoto anaweza kuambiwa, ukiwa hutaki kupakatwa sema "ahsante baba mdogo, nitakaa hapa," au mpe mkono, au mbusu mkono. Tatizo ni mkimfundisha kwamba kukataa kwenyewe ndo kosa, hapo sijui kesho mtamwambiaje akatalie mtu mwingine. Mtoto wa umri ule hajui kupambanua mkubwa huyu ni salama na yule siyo.

Na shemeji yako simfikirii vibaya hata kidogo, wala usije ukamtazama kwa jicho lingine kwa sababu ya hili. Mtu kapenda mtoto wa kaka yake, kaaibika. Mume wako akimpigia simu akamwambia "usijali, anafundishwa hivyo, ukija tena mpe mkono kwanza utamuona mwenyewe anakufuata," hilo lingempunguzia mtu mawazo.

Sasa kuhusu somo lenyewe. Nitakupa ninachokijua ili uamue ukiwa na taarifa, siyo voisi noti. Huko England somo la mahusiano limekuwa la lazima kwenye shule zote za msingi tangu Septemba 2020, za serikali na za binafsi, hata za dini. Na kisheria mzazi hawezi kumtoa mtoto kwenye somo la mahusiano wala la afya. Anachoweza ni kumtoa kwenye elimu ya ngono pale ambapo shule ya msingi imeamua kuifundisha, ukiacha yale yaliyomo kwenye sayansi, na shule za msingi hazilazimishwi kuifundisha. Kwa hiyo ile barua mume wako anayotaka uiandike, ukiiandika kesho, mwalimu mkuu atakujibu kwa heshima kwamba hilo uliloomba halipo. Sikwambii hivi ili ukamshinde nalo mumeo. Nakwambia kwa sababu mnagombana kila siku kuhusu mlango ambao sheria imeshaufunga, na nguvu hizo mngeziweka kwenye miting ambako kweli mnasikilizwa, maana skuli inatakiwa kuwashauri wazazi kuhusu sera yake, sera iwekwe wazi, na dini na mazingira ya watoto yazingatiwe.

Kwa watoto wa umri wa mwanao kinachofundishwa ni familia na watu wanaokujali, urafiki na kugombana na kupatana, kuheshimiana, usalama mtandaoni, na mipaka ya mwili. Kwenye sayansi ya Year 1 wanataja viungo vya mwili. Habari ya kwamba wanafundishwa ngono wakiwa na miaka minne imetokana na hofu za watu, na hofu hizo sizidharau, nyingine zina asili yake. Mwaka 2019 kule Birmingham wazazi waliandamana nje ya shule za msingi, wengi wao Waislamu, walilalamikia vitabu vinavyoonyesha familia za namna mbalimbali, mpaka mahakama ikazuia maandamano mbele ya shule mojawapo. Kwa hiyo ndiyo, mwanao anaweza kusikia darasani kwamba kuna familia ya mama peke yake, ya bibi na babu, ya walezi, na skuli nyingine zinataja za mama wawili au baba wawili. Kama hilo linagusa imani yenu, nenda mkaulize litasemwaje na lini, ombeni kuona vitabu na video zenyewe, mwongozo wa serikali unawapa nafasi hiyo, alafu nyumbani mumfundishe mtoto dini yenu inasemaje, hakuna sheria inayowazuia. Ila hilo ni jambo moja, na kumfundisha mtoto kwamba chupi yake haishikwi ni jambo jingine kabisa, na wanaowatumia voisi noti wanayachanganya hayo mawili.

Kumsomesha nyumbani inaruhusiwa kisheria, sitakuficha. Lakini wewe unalala mchana kwa sababu usiku uko kazini, baba yao yuko kwenye basi, na bibi viza yake itaisha arudi Mombasa. Atafundishwa na nani, na atacheza na nani? Wapo wanaoweza, na wanafanya vizuri, wewe pima nyumba yako. Na hata mkimhamishia skuli ya dini, somo hilo atalikuta, ingawa huenda akalikuta limefungwa kwenye maneno mnayoyazoea, na kwa mume wako hilo linaweza kuwa na maana kubwa. Muulize. Labda anachoogopa siyo somo, labda anaogopa hilohilo unaloogopa wewe, mtoto asiye na kwao.

Kuhusu bafuni. Mama mkwe kutetemeka namuelewa, kizazi chake hayo hayatajwi. Ila ana hoja moja ya kweli ambayo sijui kama kuna mtu amempa haki yake. Kwetu pwani mafunzo yapo toka zamani, msichana akivunja ungo alikuwa na kungwi wake, somo yake, akifundwa ndani, kwa siri, kwa wakati wake. Kwa hiyo bibi anaposikia skuli inafundisha "mambo hayo" kwa mtoto wa miaka mitano, kichwani kwake anaona mtoto kaingizwa unyagoni kabla ya umri. Kama kweli ingekuwa hivyo na mimi ningetetemeka. Mwambie yale ya kungwi yana wakati wake na hakuna aliyeyafikia. Haya ni yaleyale yeye mwenyewe aliyokuwa akiwaambia wanawe na wajukuu, kaa vizuri, jifunike, usimruhusu mtu akushike huko, akikushika njoo uniambie. Tofauti ni kwamba skuli wanatumia jina lenyewe na wana sababu. Majina tunayowapa watoto majumbani, mara dudu, mara kitumbua, tichа wa Kizungu hata tichа wa Kiswahili hawezi kujua, mtoto akija analia kwamba mtu kamshika kitumbua chake ataambiwa nitakupa kingine. Mnaweza kukubaliana nyumbani, mbele ya wageni anasema "sehemu zangu za siri," na jina lenyewe analijua na anajua ni la kumwambia mama, bibi, daktari, mwalimu. Kwa njia hiyo bibi hajavunjiwa heshima na mtoto hajanyang'anywa neno lake.

Tena huyo bibi ndiye anayewaogesha. Akilielewa hili jambo atakuwa mlinzi mkubwa kuliko skuli nzima. Lakini nafikiri haifai alielewe kutoka kwako, mkwe. Anayetakiwa kukaa naye ni mwanawe, na mwanawe kwanza anatakiwa akae na wewe. Siku ambayo huna shifti, watoto wamelala, siyo mara baada ya ugomvi, na usianze na skuli wala na shemeji. Anza na mchoro.

Maana hapo ndo moyo wangu umekaa zaidi, kwenye ule mchoro. Tazama mwanangu, nyumba nzima inagombana kuhusu alichofundishwa mtoto, na mtoto mwenyewe amechora nini? Hakuchora mwili, hakuchora baba mdogo, amechora watu wazima watatu midomo wazi na yeye yuko chini ya meza. Rangi ya bluu kila asubuhi, tumbo linauma siku za skuli na Jumamosi haliumi, hilo linaweza kuwa na sababu nyingi, pengine kuna mtoto anamsumbua huko skuli, pengine anaogopa kuondoka nyumbani asije akakuta mama kachukuliwa, na pengine ni tumbo kweli, mpeleke kwa GP, daktari wenu wa kawaida, aangaliwe. Usinichukulie kwamba nimeshajua. Muulize mwenyewe, siyo kwa kumkalisha kama mahakamani, muulize mnapotembea kwenda skuli au unapomsuka nywele, "siku hizi tumbo linakuja saa ngapi?" alafu unyamaze umsikilize. Na kama ni zile kelele, basi yupo anayeweza kuziondoa na siyo mwalimu. Mtoto kuona wazazi wamegombana siyo mwisho wa dunia, watoto wengi wanaona, ila anahitaji aone pia mmepatana, na aambiwe waziwazi kwamba hukusababisha wewe. Kwa sababu sasa hivi kwa akili yake ya miaka mitano hesabu iko wazi, nilisema hapana, baba na mama wakagombana, nikachora, bibi kasema mama atachukuliwa.

Hilo la mwisho naomba msilicheleweshe. Mtoto aliyeambiwa kwamba akisema mama yake atachukuliwa, amefungwa mdomo kwa kila kitu, siyo kwa mambo ya nyumbani peke yake. Mtu mbaya anayetaka kumdhuru mtoto anatumia sentensi hiyohiyo, ukisema mama yako atapata matatizo. Bibi hakukusudia hivyo, yeye alikuwa analinda nyumba ya mwanawe na kwa alikotoka ndivyo nyumba inavyolindwa. Unaweza kumrekebishia mtoto bila kumuangusha bibi yake: "Bibi aliogopa kwa sababu anatupenda. Mama haendi kokote. Kuna mambo ya nyumbani hatuyatangazi, kama mshahara wa baba au nani kamkopa nani, hayo ni ya wakubwa. Lakini jambo likikuumiza moyo au mwili, hilo halina siri, niambie mimi, mwambie baba, mwambie bibi, mwambie tichа." Mtoto wa miaka mitano anaelewa tofauti hiyo akiambiwa mara nyingi.

Sosho. Najua hofu hii ilivyo, na zipo familia zilizoumizwa, sitakwambia hakuna. Lakini tuiweke mahali pake. Tichа aliyekuita pembeni kwa upole angeweza kuandika ripoti na asikwambie kitu. Kakwambia kwa sababu anataka mshirikiane. Mchoro wa watu wanaopiga kelele haumuondoi mtoto nyumbani, kumuondoa mtoto England ni jambo la mahakama ukiacha dharura ya polisi, na kabla ya kufika huko kuna hatua nyingi, nyingi zikiwa za msaada. Kinachowatia walimu wasiwasi zaidi ni mtoto aliyekuwa anaongea alafu ghafla kanyamaza. Mimi ningekuwa wewe ningerudi kwa tichа nimwambie ukweli mdogo tu, kwamba nyumbani kumekuwa na kutoelewana, kuna mgeni wa familia, tunalifanyia kazi, naomba umuangalie kwa upole. Ila ni uamuzi wako, na una haki ya kupima unamuamini kiasi gani. Na ile ya kufinya, mwambieni bibi mapema kwa heshima. Scotland tangu 2020 na Wales tangu 2022 kumpiga mtoto kwa namna yoyote ni marufuku, England sheria bado imeacha mwanya mdogo, lakini alama kwenye mkono wa mtoto italeta maswali ambayo mchoro hauleti.

Sasa turudi kwako.

Uliyofanyiwa hayakuwa kosa lako, na kutosema hakukuwa kosa lako, ulikuwa na miaka saba. Hauko peke yako hata kama unahisi hivyo. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Tanzania mwaka 2009 pamoja na UNICEF ulikuta karibu wanawake vijana 3 kati ya 10 walisema walifanyiwa angalau tendo moja la ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18, na wanaume vijana kama 1 kati ya 7. Wengine wamo kwenye hilo grupu lako la WhatsApp, na inawezekana wengine ndo wanaopiga kelele zaidi kwamba hayo mambo yasitajwe.

Umwambie mume wako? Sitakuamulia. Akijua anaweza kuelewa kwa dakika moja kile ambacho umeshindwa kumueleza muda wote huu. Anaweza pia kuuliza ni nani, na wewe ukawa hujawa tayari kujibu, maana umesema ni mtu wa karibu na familia na hujasema kama bado yupo. Anaweza kughadhibika, akapiga simu Tanga, jambo likatoka mikononi mwako. Au akanyamaza, na ukimya wa mume ukakuumiza upya. Wewe unamjua, mimi simjui. Kuna njia ya katikati, kumwambia "kuna jambo lilinipata utotoni ndo maana hili la mtoto linanigusa, siko tayari kulisimulia, naomba tu unielewe," na hapo mlango unakuwa wazi na ufunguo uko kwako. Na kabla hata ya yeye, unaweza kuongea na mtu ambaye kazi yake ni hiyo. England unaweza kujiandikisha mwenyewe NHS Talking Therapies, huduma ya ushauri nasaha ya hospitali za serikali, bila kupitia daktari, ni bure, na unaweza kuomba mkalimani au kuomba mwanamke. Wapo pia NAPAC, shirika ambalo linasikiliza watu wazima waliodhuriwa utotoni. Hayo hayapeleki taarifa kwa mumeo.

Neno moja tu la tahadhari, nalisema kwa mapenzi. Pale mtoto alipokataa na wewe ukafurahi ndani, furaha hiyo ni halali kabisa. Ila angalia usije ukampa mwanao kazi ya kusema hapana zote ambazo wewe hukuweza kuzisema. Yeye alikuwa hataki kupakatwa Jumapili ile, basi. Siku nyingine atataka, na ikiwa ni mtu salama na wewe upo, muache apakatwe.

Kwenye miting nendeni wote wawili kama ratiba ya basi inaruhusu, na kama skuli wanakubali mchukueni na bibi, akaone hiyo video ya Pantosaurus kwa macho yake wewe ukimtafsiria. Andikeni maswali yenu kabla, la mume wako liwe la kwanza. Waulizeni pia wanamfundishaje mtoto kukataa kwa adabu, maana hilo ni swali zuri na sidhani wazazi wengi wamewauliza. Alafu niandikie walivyojibu, na uniambie tumbo la mtoto linaendeleaje.

Anti